Jina la Kumi na Saba

Kitengo cha Tathmini cha wizara moja ya mjini Amman, wizara ambayo kwa heshima zake haitatajwa, kilianza kazi kwa kuulizwa kalenda miezi miwili mfululizo. Kosa halikuwa la mtu mmoja. Kwa Kiarabu kutathmini ni taqyim, na kunyoosha kilichopinda ni taqwim, na taqwim hiyo hiyo ndiyo pia kalenda. Tofauti ni herufi moja tu, na mchora vibao siku ile alikuwa na haraka, akaandika taqwim. Waswahili, ambao hawapitwi na kitu, walilichukua neno hilo hilo wakalifanya takwimu. Kwa hiyo Novemba na Desemba nzima watu wa ghorofa ya nne waligonga mlango wakitaka kalenda za mwaka mpya, moja ya ukutani na moja ya mezani. Kitengo kilipoomba kibao kibadilishwe, wazee wa wizara walijibu kwa barua tatu kwamba taqwim ndicho Kiarabu fasaha. Kibao kikabaki.

Muflih, ambaye watu wote walimwita Abu Yanal, aliletwa kitengoni kutoka masjala akiwa na miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefunga kila ripoti kwa sentensi moja: "Kazi imetekelezwa kwa mafanikio makubwa, kwa auni ya Mwenyezi Mungu na maelekezo ya Mheshimiwa." Aliweza kuiandika akiwa usingizini, na yapo majalada yanayothibitisha hivyo.

Mkuu wa kitengo, Daktari Rawiya, aliwafundisha wiki tano kuiacha sentensi ile. "Usiniambie mlifanya nini," alikuwa akisema, akigonga ubao kwa pete yake. "Niambie nini kilibadilika, na umejuaje." Abu Yanal aliyapokea mafunzo hayo kama mzee anayefundishwa kuogelea: kwa aibu, nguo zimembana, halafu ghafla akagundua kwamba anaelea.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupima mpango wa kisomo cha wanawake wazima. Kwenye majalada, wanawake tisini na saba kati ya kila mia walihitimu. Kitengo kingechagua arobaini kwa bahati nasibu, kiwafuate nyumbani, kiwape karatasi ya kusoma. Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi ya wiki, kompyuta ilitema majina, na Hadil, kijana kuliko wote kitengoni, akayasoma kwa sauti. Alipofika la kumi na saba akasita.

"Watfa Irshaid, mji wa Salt. Mzee, hawa si watu wenu?"

"Ni mama yangu," alisema Abu Yanal.

Kitengo kilicheka. Hata mhudumu wa chai alicheka, na yeye hakuwa amesikia jina.

"Mtoeni basi," Abu Yanal alisema. "Wanawake wamejaa. Wekeni mwingine."

Daktari Rawiya ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Sampuli haina mama wala shangazi, Abu Yanal. Ukimtoa huyu kwa sababu unamjua, kesho mwingine atamtoa wake kwa sababu anamwogopa. Mwalimu wake nani?"

Abu Yanal aliangalia viatu vyake. "Mke wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari Rawiya alivua miwani, akafikiri. Kitengo kilikuwa na watu wanne, na wa nne alikuwa amejifungua wiki iliyopita.

"Hadil ataenda Salt," alisema hatimaye. "Wewe utaandika ripoti, kwa sababu hakuna mwingine wa kuiandika. Na ukurasa wa kwanza kabisa tutaweka wazi nani ni nani wako. Kama unaona huwezi, niambie leo."

Angeweza kusema hawezi. Aliwaza hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

*

Cheti cha Hajja Watfa kilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya marehemu. Hakuna mgeni aliyekunywa chai bila kuonyeshwa. Hajja alikuwa na miaka sabini na moja, na macho ambayo kutoka juu ya paa yaliweza kumwona mbuzi wa jirani akiingia kwenye minanaa, vichochoro viwili mbali. Lakini kila asubuhi alimnyooshea mwanawe boksi la dawa ya presha.

"Hebu nisomee, baba. Macho yangu leo yana ukungu."

Ukungu huo ulikuwa na miaka miwili sasa, tangu siku ya cheti. Nyumba nzima iliujua, na nyumba nzima iliuheshimu kama mgeni wa kudumu.

Intisar, mke wa Abu Yanal, alirudi darasani na chaki kwenye mkono wa koti. Alipakua dengu na wali, na mumewe akamfuata jikoni, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi.

"Mama ametokea kwenye orodha," alisema Abu Yanal.

"Orodha ya umra?"

"Orodha yetu. Hadil, msichana wa kitengo, atakuja kumpa mtihani Jumanne."

Intisar aliweka mwiko chini. "Andika hakupatikana."

"Yuko sebuleni."

"Ni watu wangapi wako sebuleni na hawapatikani? Umefanya kazi serikalini miaka mingapi wewe?"

"Intisar."

"Usiniite hivyo kama unanisomea talaka. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Mkataba unasainiwa Februari, na wakifaulu chini ya tisini kwa mia, haniiti mtu. Hilo walikufundisha kwenye wiki zenu tano, au mlikuwa mnakula biskuti tu?"

Abu Yanal alikaa kwenye kiti cha jikoni, ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka tisa hakuwahi kuliuliza ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Wanawake wako wanajua kusoma?"

"Wanafaulu."

"Sikuuliza hilo."

Mkewe alifuta sahani iliyokuwa kavu. "Mama yako nilimbeba," alisema polepole. "Nakiri. Siwezi kumfelisha mkwe halafu nikale naye jioni. Lakini wengine wamefaulu kwa jasho lao. Um Dirar mwenyewe, alipokuja hawezi kushika kalamu, na siku ya mtihani alisoma ukurasa mzima bila kupumua. Nikienda kulala nawafikiria hao. Usiniharibie hao kwa sababu ya mmoja."

Kutoka sebuleni sauti ya Hajja ilipita ukutani. "Mnanong'ona kama watu wanaogawana urithi na mimi ni mzima. Huyo msichana aje. Na mumwulize anakula nini."

*

Hadil alifika Jumanne saa nne asubuhi, amepanda ngazi themanini za mtaa wao na hana pumzi. Hajja alikuwa amevaa gauni lake jeusi lenye darizi, la harusi. Kando yake alikaa Um Dirar, jirani na mhitimu mwenzake, aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kupita tu, na akapita na sinia la keki.

"Karibu mwanangu. Wewe ni wa ofisi gani tena?"

"Ya taqyim, Hajja."

"Kalenda tunayo, ya duka la dawa. Lakini Mungu akulipe."

Kwa mujibu wa utaratibu, jamaa hawakuruhusiwa chumbani. Kwa hiyo Abu Yanal na Intisar walisimama jikoni, nyuma ya mlango ambao haukuwahi kufungika vizuri, wakiutii utaratibu kwa miili na kuuvunja kwa masikio.

Hadil alitoa karatasi. Halikuwa somo la kitabuni. Lilikuwa tangazo fupi, la aina inayobandikwa ukutani, likisema kwamba zamu ya maji ya mtaa imehamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, na kila nyumba ijaze matangi yake mapema. Katika mji ambao maji huja mara moja kwa wiki, ni tangazo ambalo mtu akilikosa atalijua.

Hajja aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliweka kidole upande wa kulia, kama ipasavyo, akaanza kukisogeza.

"Baba analima shamba," alisoma. "Mama anapanda mbegu. Mzeituni wetu una baraka." Sauti ilikuwa safi, mapumziko yalikuwa mahali pake. Alipofika mwisho wa mstari kidole kilirudi kulia kuanza mwingine. Hadil hakumkatiza. Jikoni, Intisar alikuwa anasogeza midomo pamoja naye, kwa maana lile lilikuwa somo la kumi na mbili, somo la mtihani. "Punda wetu amebeba maji. Na hapa kuna picha ya punda."

Jiko la mafuta la kuotea joto lililia tik, tik, katikati ya chumba.

"Hapo hakuna punda," alisema Hajja. "Sivyo?"

"Hapana, Hajja. Hakuna."

"Nilijua. Alikuwa ametulia mno." Aliiweka karatasi mapajani akailaza kwa kiganja. "Andika hajui."

"Hajja, nyamaza," alisema Um Dirar. "Utamuua mwalimu."

"Mwalimu yuko jikoni, hafi. Mwanangu, andika vizuri, usiandike nusu. Tulikuwa wanawake thelathini na wawili kwenye viti kumi na vinane. Kozi ni miezi minne, vitabu vikaja mwezi wa tatu. Yule binti, mwalimu wetu, alikuwa anapiga magoti sakafuni, anashika mkono wa kila mmoja wetu anauzungusha kwenye herufi, mpaka soksi zikatoboka. Siku moja tukamkuta peke yake anahesabu kwa vidole, nani atafaulu, nani hatafaulu. Vidole vilikuwa havitoshi upande mmoja na vinazidi upande mwingine. Uso umekuwa kama maziwa yaliyokatika."

"Tukaja kukaa kwangu," alisema Um Dirar kwa unyonge, kama mtu anayeona ng'ombe ameshatoka zizini.

"Tukakaa kwake. Mtihani ni somo la punda kila mwaka, hawajawahi kubadilisha. Tukaliweka kichwani wote, kama Fatiha. Binti wa shule wa mmoja wetu alitusomea, sisi tukafuata. Darasa lililokuja nyuma yetu tukalirithisha. Wizara inadhani yeye alikuwa anatufaulisha sisi." Hajja alitingisha kichwa. "Sisi ndio tuliokuwa tunamfaulisha yeye."

Hadil alikuwa ameacha kuandika. "Na wewe, Um Dirar?"

"Mimi jina langu nalijua," alijibu Um Dirar kwa heshima zake zote. "Likiandikwa kubwa."

Abu Yanal hakuthubutu kugeuka. Alipogeuka, Intisar alikuwa ameshika bilauri safi chini ya bomba, anaiosha, na bomba lilikuwa halijafunguliwa.

*

Kwa siku mbili Intisar hakusema na mtu isipokuwa kwa kazi. Alifundisha, akarudi, akapika. Usiku wa pili, wakikunja nguo, alisema, "Bora wangenichukia. Mwanafunzi anayekuchukia unaweza kumfundisha. Hawa walinihurumia, Muflih. Miaka miwili mizima." Alimwita mumewe kwa jina lake misibani tu.

Wanawake arobaini walipopimwa wote, waliolisoma tangazo la maji walikuwa kumi na mmoja. Abu Yanal aliandika ripoti kwa wiki mbili, na akagundua kwamba ni kazi ngumu sana kuandika ukurasa ambao Mungu na Mheshimiwa hawajautangulia. Rasimu ikapelekwa kwa mkurugenzi wa kisomo, Abu Sakhr, atoe maoni. Abu Sakhr alimwita ofisini mwake.

Walikuwepo wageni wawili. Mhudumu alipita na birika la kahawa, akammiminia mgeni wa kwanza, akammiminia wa pili, akammiminia Abu Sakhr, akatoka. Abu Yanal, aliyemjua mhudumu yule tangu masjala, alibaki na mikono magotini. Wageni waliangalia dirishani ili wasione.

"Kumi na mmoja kati ya arobaini," alisema Abu Sakhr kwa upole. "Abu Yanal, wewe ni mtoto wa masjala, lugha unaijua. Andika 'walionyesha viwango mbalimbali vya umilisi.' Si uongo."

"Si uongo, mkubwa."

"Na mwishoni sikuiona ile sentensi yetu."

"Imenitoka kichwani."

Abu Sakhr alifungua ukurasa wa nane. Hapa sauti ilishuka, na ilikuwa sauti ya mtu anayejali, ndiyo maana ilitisha. "Unasema sharti la tisini kwa mia ndilo linalozaa vyeti hewa. Hiki kikitoka hivi, nitalazimika kusimamisha mikataba yote ya walimu mpaka sharti lipitiwe upya. Yote, hata ule wa Salt. Nimesoma ukurasa wako wa kwanza, najua unaishi na nani. Utakula nini nyumbani, kaka? Mlitumwa kupima. Hamkutumwa kunyoosha."

"Kibao chetu kinasema kunyoosha, mkubwa," alisema Abu Yanal. "Na ni nyinyi mliokataa kibadilishwe."

Mgeni mmoja alipaliwa na kahawa. Abu Sakhr hakucheka. "Alhamisi saa sita mchana," alisema. "Iwe na saini."

*

Jumatano baada ya chakula Abu Yanal aliiweka rasimu mezani mbele ya mkewe. Kama kumwonyesha kulikuwa kinyume cha utaratibu, basi utaratibu ulikuwa tayari umesikiliza nyuma ya mlango pamoja nao. Alimweleza maneno ya Abu Sakhr yote, pamoja na kahawa.

Intisar alivuta kalamu nyekundu kwenye mkoba, kwa mazoea, akasoma. Ukurasa wa pili alisahihisha hamza, ile alama ndogo ya mwandiko wa Kiarabu. Ukurasa wa tatu akasahihisha nyingine.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "na bado hamza inakushinda."

"Soma."

"Umeandika walimu hawana uwezo?"

"Sikuandika."

"Vitabu kuchelewa?"

"Ukurasa wa tano. Na viti. Kumi na vinane."

Alisoma kimya. Hajja, karibu na jiko, alikuwa anachambua dengu kwa umakini usio wa kawaida, akiitazama punje moja moja.

"Umeandika kwamba walinihurumia?"

Abu Yanal alikohoa. "Nimeandika 'wanafunzi walichukua hatua za pamoja kulinda ajira ya mkufunzi.'"

Intisar aliangalia mstari ule kwa muda. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na mumewe akadhani analia, na ni kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. "Hata huruma mnaivisha tai," alisema. Alijifuta na mkono wa koti, chaki ikambaki shavuni. "Ukibadilisha, mwakani nitasimama mbele ya wanawake thelathini wapya, na nitajua wanakariri, na wao watajua kwamba najua. Nitaweza hilo?"

Hajja aliacha dengu.

"Saini," alisema Intisar. "Lakini usiseme ni mimi niliyekuambia. Nataka nikulaumu mpaka Ramadhani."

Abu Yanal alisaini Alhamisi saa tano na nusu. Daktari Rawiya alisaini chini yake, akapuliza wino kama mtu apulizaye chai. Wiki ya pili kitengo kilihamishiwa ghorofa ya chini, jirani na jenereta, kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Na mwanzoni mwa Februari ikaja barua ya mistari miwili: mikataba yote imesimama hadi sharti la ufaulu litakapopitiwa. Haikusema lini. Intisar aliikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la kahawa, akamwambia mumewe kwamba kuanzia leo nyama ni Ijumaa tu, na kwamba lawama zimeanza rasmi.

*

Jumamosi ya kwanza bila darasa, saa nane mchana, Intisar alikuwa amekwisha fua, amekwisha pika, na amekwisha hamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule na kulirudisha. Kengele ikalia. Abu Yanal alifungua.

Um Dirar alikuwa mbele. Nyuma yake ngazi ilikuwa nyeusi kwa mavazi ya wanawake, mpaka chini kwenye kona.

"Abu Yanal, Mungu akupe afya, tupishe," alisema Um Dirar. "Hatukuja kwako."

Intisar alitokea mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Hakumkaribisha mtu. Katika mji ule kutomkaribisha mtu mlangoni ni jambo zito, na wote walisikia uzito wake.

"Tumekuja kuomba radhi, mwalimu. Tulidhani tunakusaidia."

"Mko wangapi?"

"Kumi na tisa. Wengine magoti yamewashika hapo kwenye ngazi ya arobaini, wanakuja."

"Sina viti."

"Tumekuja na mito."

Abu Yanal alitazama: kweli kila mmoja alikuwa amekumbatia mto, mwingine wa kochi, mwingine wa kitandani wenye foronya ya maua. Intisar naye aliitazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayesahihisha.

"Mnajua kwamba hakuna cheti."

"Tunajua."

"Wala mtihani wa punda."

"Punda afe," alisema mwanamke mmoja kutoka chini.

Intisar alivuta pumzi. "Nani kati yenu anajua kusoma? Kweli kweli, hapa mbele yangu."

Mkono mmoja ulipanda nusu, ukafikiri, ukashuka. Mke wa Abu Yanal aliuona ukishuka, na uso wake ukakunjuka, jambo ambalo mumewe hakuwa ameliona kwa miezi mingi.

"Vueni viatu," alisema, akisogea pembeni. "Lakini mnisikilize vizuri. Safari hii nawafelisha wote, na nitaendelea kuwafelisha mpaka mjue."

Wakaanza kupita, mmoja mmoja, na mito yao. Abu Yanal alishuka ngazi kuwapisha, akasimama kwenye kona akisikia sebule yake ikijaa, jiko likivutwa pembeni, na Um Dirar akiuliza kama hata yeye, na hali ya mguu wake, atafelishwa siku ya kwanza.

"Kaa chini, Um Dirar, usisukumane," ilijibu sauti ya Hajja Watfa. "Naanza mimi kufeli. Mimi ndiye mkubwa."